Kivuli cha Mvumo: Nani Alistahili Kukingwa na Jua?

Utangulizi

Waswahili husema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mti mrefu wa jamii ya mitende, na kwa sababu ya urefu huo kivuli chake huanguka mbali na shina. Aliyeketi karibu nao huunguzwa na jua, na aliye mbali hupata ubaridi. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kwa mtu anayewafaidi wageni na kuwasahau jamaa zake. Katika insha hii naitumia kueleza historia ambayo sikuikuta katika vitabu vyangu vya shule hapa Uganda: historia ya kujikinga na jua kwa watu wanaofanya kazi nje katika Afrika Mashariki.

Hoja yangu ni moja. Kwa muda mrefu kinga ya jua katika eneo letu ilichaguliwa kwa kutazama cheo cha mtu. Kazi anayofanya, saa anazokaa juani na ngozi aliyo nayo havikuulizwa. Matokeo yake ni kwamba waliopewa kinga nyingi mara nyingi ndio waliokaa juani kwa muda mfupi, na waliokaa juani kutwa walijitafutia wenyewe. Nitaanza na ushahidi wa maneno na wa wasafiri, niende kwenye kofia ya mkoloni na nadharia iliyoibeba, kisha niwatazame wapagazi, askari na wakulima. Mwisho nitaeleza jinsi sayansi ilivyotenganisha hatari mbili za jua, na somo tunalolipata kutokana na historia hiyo.

Ushahidi wa maneno na wa wasafiri

Kwa mwanafunzi wa lugha, ghala la kwanza la historia ni msamiati. Neno *mwavuli* lina undugu na *kivuli*. Leo tunaufungua mwavuli mvua inaponyesha, lakini jina lake linatuambia kwamba kazi yake ya awali ilikuwa kuleta kivuli. *Chapeo*, kofia yenye ukingo, ni neno tulilolipata kwa Wareno. *Kofia* na *tarbushi* yametufikia kupitia Kiarabu. Kwa hiyo kichwa cha Mswahili kina historia ya Bahari ya Hindi juu yake.

Wasafiri nao wanatupa ushahidi. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vitambaa vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja kikiwa na umbo la ndege wa dhahabu juu yake. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, mfalme alijitokeza akiwa ameketi chini ya mwavuli wa duara wa kitambaa chekundu. Tukisoma habari hizi tunavutiwa na hariri na dhahabu, lakini mimi navutiwa zaidi na mtu asiyetajwa sana: yule aliyeushika mwavuli. Yeye alisimama juani muda uleule, na kivuli hakikuwa chake.

Ndiyo maana sikubali kwamba ukoloni ndio uliobuni desturi ya kugawa kivuli kwa vyeo. Desturi hiyo ilikuwapo pwani karne nyingi kabla. Ukoloni uliipa sare mpya, na juu ya hayo ukaipa nadharia ya kitabibu.

Helmeti na nadharia yake

Kila mmoja wetu ameiona katika picha za zamani ile kofia ngumu, nyeupe au ya kaki, iliyovaliwa na magavana, wamisionari na wawindaji. Hapa nitaiita helmeti. Ilianza kuenea India katikati ya karne ya 19, ikitengenezwa kwa moyo mwepesi wa mmea wa majimaji uitwao sola. Nyingine zilitengenezwa kwa gome jepesi la aina ileile inayotumika kuzibia chupa. Kama chombo haikuwa mbaya: ni nyepesi, ina ukingo, na hewa hupita ndani yake. Tatizo lilikuwa imani iliyofungwa nayo.

Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kwamba jua la tropiki lina mionzi maalumu inayopenya fuvu na uti wa mgongo wa Mzungu na kuharibu neva zake. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, alichapisha kitabu kizima kudai kwamba mwanga wa tropiki unawadhuru watu weupe. Walowezi wa Kenya waliishi kwa imani hiyo. Walivaa kofia za tabaka mbili, wakajifunga vipande vya kitambaa kinene mgongoni ili kukinga uti wa mgongo, na wengine hawakuvua kofia hata ndani ya nyumba za bati, kwa hofu kwamba mionzi inapenya paa.

Imani hii ilikuwa na upande wa pili. Ikiwa jua ni adui wa Mzungu peke yake, basi Mwafrika hahitaji kinga yoyote. Kwa nadharia moja, mtu anayesimamia shamba kwa saa mbili alihitaji helmeti, kitambaa cha mgongoni na mapumziko ya mchana, na mtu anayelilima shamba hilohilo kutwa hakuhitaji kitu. Uchumi wa mashamba haungeweza kutamani nadharia ya bei nafuu kuliko hiyo.

Nadharia ilipopimwa ilishindwa. Jeshi la Marekani nchini Ufilipino liliwavisha askari nguo za ndani za rangi ya machungwa iliyokolea, kwa kuamini kwamba rangi hiyo ingezuia mionzi hatari kama taa nyekundu inavyolinda filamu katika chumba cha kusafishia picha. Daktari James Phalen alitoa ripoti mwaka 1910: waliovaa nguo hizo hawakupata faida yoyote, na walisikia joto zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1905, mwanafiziolojia wa Uingereza J. S. Haldane alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mwili huzidiwa na joto pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi na jasho likashindwa kukauka. Kwa hiyo hatari ya joto ilimhusu kila mwenye mwili unaotoka jasho, awe wa rangi yoyote.

Hata hivyo helmeti iliendelea. Ilianza kuachwa kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Ulaya na Marekani walipopigana katika nchi za joto wakiwa na kofia za kawaida, au vichwa wazi, na mionzi ile ya kuogofya isiwapate. Hapo ndipo tunapoona helmeti ilikuwa nini hasa. Nadharia ilikufa, lakini kofia ikabaki: nchini Kenya maafisa wa utawala wa mikoa waliendelea kuivaa katika sherehe miaka mingi baada ya uhuru wa 1963. Kitu kinachoendelea kuvaliwa baada ya sababu yake ya kitabibu kufa kilikuwa alama ya mamlaka tangu mwanzo.

Waliokuwa juani kweli

Sasa tuwatazame walioketi chini ya shina la mvumo. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Kisumu, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Takriban 2,500 walifariki. Wengi walivaa vilemba walivyokuja navyo kwao. Kilemba ni kinga nzuri ya utosi, na kikilowekwa maji hupoza kichwa.

Askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walivaa tarbushi. Askari wa Wajerumani upande wa Tanganyika nao walivaa tarbushi. Tukumbuke kwamba kwetu Uganda Kiswahili kilienea kwa sehemu kubwa kambini, na wazee wengi bado wanakiita lugha ya askari. Naweza kusema Kiswahili kiliingia vijiji vingi vya kwetu kikiwa kimevaa tarbushi. Lakini tarbushi haina ukingo. Haiwekei uso kivuli, haikingi macho, masikio wala shingo. Wakiwa safarini waliifunika kwa kitambaa cha kaki chenye pindo la kuangukia shingoni, na pindo hilo ndilo lililofanya kazi ya kukinga. Tarbushi yenyewe ilisema tu kwamba huyu ni askari wa serikali.

Chini ya askari walikuwa wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliandikisha zaidi ya wapagazi milioni moja kwa kampeni ya Afrika Mashariki, na takwimu rasmi zinataja vifo takriban 95,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi chao. Kichwani mwa mpagazi kulikuwa na kata, ile duara ya nguo au majani ya kutuliza mzigo, na juu ya kata ulikuwa mzigo wenyewe. Sidai kwamba jua ndilo lililowaua. Waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria na njaa. Lakini mfumo uliohesabu neva za afisa chini ya jua na usihesabu blanketi, chakula na dawa za mpagazi ulikuwa na kipimo kimoja: nani anastahili kutunzwa.

Mkulima naye alibadilishiwa mazingira ya kazi. Katika Buganda chakula kikuu ni matoke, na anayepalilia migomba anafanya kazi chini ya majani mapana. Pamba ilipoletwa Uganda miaka ya 1903 na 1904, ililazimu shamba la wazi. Tanganyika kulikuwa na mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893, na pamba ya kulazimishwa iliyochangia kuzuka kwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Katika masomo tunajifunza kwamba mazao ya biashara yalileta kodi, fedha na reli. Ningependa kuongeza kwamba yaliwatoa watu wengi kivulini.

Walijikinga vipi? Kwa kanga au leso kichwani, kwa kofia za ukindu, kwa vilemba, na zaidi ya yote kwa saa. Bibi yangu, mkulima wa Masaka, huingia shambani kabla jua halijachomoza na kutoka kabla ya saa tano. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mjukuu wangu, jua halina wa kushindana nalo. Unalipisha tu." Katika jibu hilo kuna elimu iliyopimwa kwa vizazi vingi. Saa ni kinga isiyonunuliwa, lakini ni kinga ya mtu anayemiliki muda wake. Kibarua anayeanza kazi kwa kengele ya mwajiri hawezi kulipisha jua.

Ngozi ya baharia

Wakati madaktari wa makoloni wakihangaika na uti wa mgongo, wengine Ulaya waliwatazama wafanyakazi. Mwaka 1894 daktari wa ngozi wa Ujerumani, Paul Gerson Unna, alieleza ugonjwa aliouita ngozi ya baharia: ngozi ya uso na mikono ya mabaharia iliyokakamaa kwa miaka mingi ya jua na upepo, na hatimaye kupata saratani. Mfaransa William Dubreuilh aliona mambo kama hayo kwa wakulima wa mizabibu karibu na Bordeaux. Mwaka 1928 G. M. Findlay alithibitisha kwa majaribio ya panya kwamba mionzi ya urujuanimno inaweza kusababisha saratani ya ngozi.

Hapo hatari mbili zilizokuwa zimechanganywa zikatengana. Ya kwanza ni joto, linalompata kila mfanyakazi na kutibiwa kwa maji, kivuli na mapumziko. Ya pili ni mionzi ya urujuanimno, isiyosikika kwa joto na inayopita hata siku ya mawingu. Mionzi hii huumiza macho ya kila mtu na kuchangia mtoto wa jicho, lakini kwa ngozi huwadhuru zaidi wale wenye melanini kidogo.

Mafuta ya kujipaka yalikuja baadaye, na hayakubuniwa kwa ajili ya wenye majembe. Miaka ya 1930 yaliuzwa Ufaransa kwa watu wa ufukweni. Mwanakemia Franz Greiter, aliyeunguzwa na jua akipanda mlima Piz Buin, alitoa krimu yake mwaka 1946 na baadaye akaeneza kipimo cha SPF tunachokiona kwenye chupa. Hata katika mafuta, basi, kivuli cha mvumo kilianguka mbali: kiliwafikia wanamichezo na watalii kabla ya wafanyakazi.

Waliosahauliwa na nadharia zote

Kulikuwa na Waafrika ambao kwao jua lilikuwa adui wa kweli, nao ni watu wenye ualbino. Nadharia ya mkoloni haikuwaona, kwa sababu kwake Mwafrika alikuwa na kinga ya kuzaliwa. Jamii zetu nazo ziliwaona kwa hofu na majina mabaya kuliko kuwaona kama watu wanaohitaji kofia.

Tanzania, takwimu inayonukuliwa mara nyingi ni mtu mmoja kati ya 1,400. Utafiti wa J. Luande na wenzake uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba madhara ya jua kwenye ngozi zao huanza tangu utotoni. Vyombo vya habari vimeandika sana, na kwa haki, kuhusu mashambulizi dhidi yao. Lakini madaktari wa ngozi wanatukumbusha kwamba saratani ndiyo inayowaua wengi zaidi, na inafanya hivyo kimyakimya. Mtoto mwenye ualbino asiyeona ubao vizuri huacha shule. Akiacha shule hupewa jembe. Na jembe humweka juani kutwa. Huo ni mnyororo wa kijamii, na unaweza kukatwa katika kila pete.

Baadhi ya pete zimeanza kukatwa. Mwaka 1992 kituo cha kikanda cha kufundisha madaktari wa ngozi kilifunguliwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Miaka ya 2010 ilianza kutengenezwa hapohapo losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kenya ilianza mpango wa serikali wa kuwagawia losheni. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Kwa maoni yangu losheni ya Moshi ni tukio la kihistoria, kwa sababu ni mara chache kinga kutengenezwa hapa kwetu kwa kuanzia na mtu anayeihitaji kuliko wote.

Kuchagua kwa kipimo kipya

Kama kipimo cha cheo kilikuwa kibovu, kipi kishike nafasi yake? Historia inanifundisha maswali matatu: unakaa juani saa ngapi, ngozi yako ni ya aina gani, na hatari yako ni joto au mionzi? Australia, katika kampeni yake maarufu ya mwaka 1981, iliwafundisha watu kuvaa shati, kupaka mafuta na kuvaa kofia, na shati lilitajwa kwanza.

Mwendesha bodaboda wa Kampala au muuza nyanya sokoni, mwenye ngozi nyeusi, anahitaji kwanza kivuli, maji na kinga ya macho. Kumshauri anunue losheni ya bei ghali ni kumpa dawa ya hatari isiyo yake. Kepu humkinga paji la uso na kuacha masikio na shingo. Kofia yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi ni bora. Kofia ya ukindu inafaa ikiwa imesukwa kwa kubana. Iliyosukwa kwa matundu ishonewe kitambaa ndani.

Kwa mfanyakazi mwenye ualbino losheni ni ya lazima, lakini haiwezi kubeba kazi peke yake. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji takriban mililita 35 kwa mara moja, na mafuta hupakwa upya kila baada ya saa mbili. Kwa hesabu hiyo chupa ya mililita 100 haimalizi siku moja ya kazi. Shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, suruali au gauni refu, na kofia pana hupunguza sehemu ya kupakwa hadi uso, masikio, shingo na mikono. Kinga kubwa kuliko zote ni kumpangia kazi ya ndani, au nje ya saa za kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Sheria za usalama kazini za Tanzania (2003), Uganda (2006) na Kenya (2007) zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mara nyingi tunaelewa glavu na helmeti za ujenzi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2023 kwamba karibu theluthi moja ya vifo vya saratani ya ngozi isiyo melanoma vinatokana na kufanya kazi juani. Kwa nini basi shati na kivuli visihesabiwe kuwa vifaa? Na muuza nyanya asiye na mwajiri wa kumdai kofia, soko analolipia ushuru kila siku ndilo linalopaswa kumjengea paa.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba mwavuli wa Malindi, helmeti ya mlowezi na tarbushi ya askari vilikuwa vifaa vya kinga na alama za cheo kwa wakati mmoja, na kwamba mara nyingi cheo kilishinda. Nimeonyesha pia kwamba nadharia iliyosema jua linamdhuru Mzungu peke yake ilianguka kila ilipopimwa, lakini mgawanyo wa kivuli iliouhalalisha haujaanguka wote. Wenzangu tunaosoma historia tumezoea kuuliza nani alimiliki ardhi na nani alimiliki reli. Nawaalika tuulize pia nani alimiliki kivuli, na kuanzia kwenye masoko na mashamba yetu wenyewe tuhesabu ni nani bado ameketi chini ya shina la mvumo.